Bolti Moja na Kontena la Novemba

Jumatatu, 6 Oktoba 2003. Woolwich

Gari langu limefeli MOT leo, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka. Nimeandika "langu" kwa makusudi, na nitaandika hivyo mpaka kurasa za daftari hili ziishe, kwa sababu ndani ya nyumba hii yumo mtu anayeliita vingine.

Ubaya uko mbele, upande wa kulia. Kuna mkono wa chuma chini kule unaolishika gurudumu lisiende linakotaka. Mpira wa bushi yake umechanika, kiungo chake kinacheza, na shokapu ya upande huohuo inavuja mafuta. Mkaguzi alinionyesha kwa tochi. Nikamwuliza itakuwaje. Akasema gari lina miaka kumi na minne, kutu imelila tumbo, kila bolti itagoma, na angekuwa yeye angelipeleka kwenye vyuma chakavu. Nikamwambia asante, nikachukua karatasi yangu.

Nyumbani nilimkuta mume wangu, Protas, anakula. Hakusikitika hata kidogo. Alinawa, akajifuta, akasema, "Mama Nancy, hapo Mungu amejibu. Huku limekwisha, nyumbani linaanza. Nimeshamwahidi Evans." Evans ni mdogo wake aliyeko Rombo. "Matar anapakia kontena la kwenda nyumbani tarehe ishirini na tisa Novemba. Nimemwambia aniwekee nafasi ya gari moja."

"Umemwahidi lini Evans?"

"Agosti."

Agosti gari lilikuwa zima. Niliingia chooni, nikafunga mlango, nikakaa mle mpaka hasira ikapungua kiasi cha kuweza kuosha vyombo.

Jumanne, 7 Oktoba

Kazini kwa basi. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao, kuanzia Abbey Wood mpaka Eltham: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa chai na dawa. Kwa gari ni wazee sita kwa asubuhi moja. Leo nimefikia wanne, na wa nne alikuwa amekaa kitandani na nguo mbichi akinisubiri. Msimamizi amesema atanivumilia mpaka mwisho wa Novemba. Baada ya hapo ratiba yangu atapewa mwenye gari, na mimi nirudi nilikoanzia, kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee, chumba cha chini kisicho na dirisha. Nilikaa kule miaka mitatu. Sirudi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda Plumstead kwenye duka la vipuri. Nyuma ya kaunta alikuwapo mwanamke wa Kisingasinga wa rika langu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Nilianza kujieleza kwa Kiingereza. Akasoma jina langu kwenye karatasi ya MOT, akaniuliza kwa Kiswahili, "Sasa mama, hii kazi unapelekea fundi gani?"

Anaitwa Balwinder, mzaliwa wa Nakuru. Baba yake alikuwa na gereji huko.

"Nafanya mwenyewe," nikasema. Maneno yalitoka kabla sijayafikiria. Sijawahi kufungua hata nati ya baiskeli.

Hakucheka. Alitoa mkono mpya na bolti zake, shokapu, na kopo la dawa ya kutu, kisha akanichorea juu ya gazeti kila bolti ilipo na ipi ianze. Akaniazima jeki, stendi mbili na spana. "Kurudisha ni rahisi," alisema. "Kutoa ndio kazi. Hizi vitu zimekaa pamoja miaka kumi na nne, hazitaki kuachana."

Jumapili, 12 Oktoba

Mama mkwe alibip baada ya misa, tukampigia kwa kadi ya simu. Jina lake Placida, na sauti yake inatosha kanisa zima bila spika. "Protas mwanangu, Mungu akuzidishie. Gari tumelitangaza kanisani. Evans ameshasimika nguzo za banda lake." Kisha akaniomba mimi. "Mama Nancy, asante mkwe wangu kwa kukaa na mwanamume anayekumbuka kwao."

Gari liko hapa chini ya dirisha langu na huko wameshalishukuru. Nawajua watu wetu. Wanashukuru mapema, mbele ya mashahidi, ili mtoaji asipate pa kurudi nyuma.

Lakini kosa nililifanya mimi, na nisipoliandika hapa nitakuwa mnafiki. Mwaka 1998 nilipolinunua gari hili, kwa jasho la yale mashuka, nilimwandikia mama mkwe barua nikasema Protas amenunua gari. Protas hakunituma. Yeye alikuwa hana kazi kwa mwezi wa saba mfululizo, na niliogopa kule kwao watasema ameolewa. Kwetu mke mwema hamtangulii mumewe kwenye barua. Niliona ni heshima ndogo isiyonigharimu kitu. Akaja kupata kazi ya masjala hospitalini, mambo yakatengemaa, lakini ile barua hakuna aliyeifuta. Miaka mitano naambiwa asante kwa kuruhusiwa kuendesha gari la mume wangu.

Usiku huu mezani nilimwambia, "Likipita MOT kabla ya tarehe ishirini na tisa, haliendi."

"Nani atalitengeneza?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Sawa. Likipita lisiende." Nancy binti yetu alikuwapo, akasema, "I heard that, Dad." Ana miaka kumi na moja na masikio yake yanafaa mahakamani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya kwanza. Gurudumu lenyewe limekataa kutoka. Gari liko juu ya stendi, nati zote nne nimefungua, gurudumu limeganda kwenye kitovu chake utadhani limechomelewa. Nilivuta mpaka nikaanguka na makalio kwenye dimbwi.

Sidonie wa ghorofa ya pili aliniona kutoka dirishani. Ni mtu wa Bukavu, anasafisha maofisi ya mjini alfajiri, saa nne asubuhi huwa ameshamaliza siku yake. Akashuka na kandambili.

"Mama Nancy, unafanya nini apo chini?"

"Natengeneza gari."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Alilitazama gurudumu, akaligeuzia mgongo, akalipiga teke la kisigino. Likatoka. "Iko na kichwa nguvu," alisema. "Na mimi niko nayo."

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Nimetoka na mwavuli kwenda kunyunyizia dawa ya kutu tu, nikarudi. Protas alikuwa anaangalia habari. Hakuuliza.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo tumefanya kazi ya kuandikwa. Kile kiungo cha nje nati yake ilitoka, lakini chenyewe kiling'ang'ania tunduni. Mchoro wa Balwinder unasema usipige skrubu, piga pete inayoikaba, nyundo mbili kwa pamoja, moja huku na moja huku. Tukapiga, mimi na Sidonie, tukihesabu moja mbili, moja mbili, mpaka mzee wa mlango wa jirani akafungua dirisha na kulifunga tena. Mara ikalia ting na kuachia. Sidonie akaimba aya nzima ya wimbo wa kwaya yao pale pale chini ya gari.

Shokapu ilikuwa na bolti mbili ngumu. Mpini wa spana ulikuwa mfupi, tukauongezea bomba la mashine ya kufyonza vumbi ya Sidonie. Bomba likapinda. Tukapata kipande cha bomba la kiunzi kutoka kwa wajenzi wa barabara ya nyuma, na hilo halikupinda. Shokapu nje.

Protas alipita na wenzake wawili wa kamati ya ushirika wa watu wa nyumbani, wamevaa makoti marefu. Alitusalimia, "Habari za kazi," na kuendelea mbele, namna unavyowasalimu watu wa manispaa wanaochimba mtaro.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, sasa kiza kinaingia saa kumi na moja jioni. Mama mkwe amebip. Banda limeezekwa mabati. Padre amekubali kuja kulibariki gari siku likifika, na mbuzi wa siku hiyo ameshatengwa. "Mwambie Protas namwombea kila jioni lile gari lisimwangushe njiani." Nikasema nitamwambia. Alikuwa amekaa mbele yangu, anakata kucha.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimekutana na adui yangu.

Mkono unashikwa na vitu vitatu. Kiungo cha nje kimeachia. Bolti ya mbele imetoka vizuri kabisa, nikajiona fundi. Imebaki ya nyuma, ile inayopita katikati ya bushi. Nati yake ilitoka, bolti haitoki. Naigeuza, inakubali robo mzunguko, nikiachia inarudi ilipokuwa. Nimegeuza kuanzia saa nne mpaka kiza. Balwinder amenieleza kwa simu: kutu imeiunganisha bolti na bomba dogo la chuma lililomo ndani ya bushi, vimekuwa kitu kimoja. Kinachozunguka ni mpira tu. "Unajisikia unafungua, kumbe unachezewa," alisema.

Jumatatu, 3 Novemba

Bolti.

Jumanne, 4 Novemba

Bolti. Dawa ya kutu, nyundo, spana, bolti.

Jumatano, 5 Novemba

Fataki mji mzima, kawaida yao kila tarehe hii, mpaka Nancy amechoka nazo. Bolti palepale.

Ijumaa, 7 Novemba

Barua kutoka ofisi ya nyumba za manispaa. Eti ni marufuku kutengeneza magari kwenye maegesho ya wapangaji, niondoe "chombo kisichotumika" ndani ya siku saba. Imewekwa chini ya mlango, haina jina la aliyelalamika.

Nimewajibu leo leo, kurasa mbili. Nimewaambia chombo kinatumika, kodi yake ya barabara imelipwa, na nikiwa sijakitengeneza wazee wawili wa manispaa yao hiyohiyo watakaa na nguo mbichi kila asubuhi. Nikaandika pia kwamba lifti ya jengo letu nayo haijatumika tangu Julai, nayo waiondoe ndani ya siku saba. Nancy alisoma akasema, "Mum, you can't send that." Nimebandika stempu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeiharibu. Spana iliteleza mara mbili, ya tatu ikazunguka bure. Kichwa cha bolti kimeviringika, hakina kona hata moja ya kushika.

Nililia chini ya gari. Sioni aibu kuandika. Mgongo kwenye kipande cha zulia kilicholowa, maji ya kutu yananidondokea shingoni, na nikalia kwa sauti. Sidonie aliingia chini akalala upande wangu, akatazama juu kama mimi. Hakunibembeleza. Baada ya muda akasema, "Minaona unalia, lakini mukono ingali inashika spana. Basi bado."

Jioni Protas alikuja kwa upole, na upole wake ulinikera kuliko kelele. "Mama Nancy, inatosha. Watu wanaongea. Wanasema Protas amemfanya mke wake fundi gereji."

"Waambie amejifanya mwenyewe."

"Unataka kuthibitisha nini?"

Nikamwambia sithibitishi kitu, natengeneza gari langu. Ni mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele yake, na nililiona linavyomwingia. Akaenda kulala saa mbili.

Jumatatu, 10 Novemba

Balwinder anasema usipige tena, kata. Kuna upenyo kati ya bushi na chuma cha gari, unene wa ukucha, kila upande. Msumeno hauingii, ila wembe wake unaingia ukiutoa kwenye fremu na kuufunga kitambaa upande wa kushikia. "Kata pande zote mbili, mkono utaanguka na kipande chake ndani. Ni pole pole, mama. Baba yangu alikuwa anaweka watu wawili, wanapokezana."

Jumanne, 11 Novemba

Nusu saa mimi, nusu saa Sidonie. Mkwaruzo unaonekana. Wembe mmoja umevunjika.

Alhamisi, 13 Novemba

Robo ya bolti. Bibi wangu wa Eltham ameniuliza kucha zangu zina nini. Nikamwambia kutu. Akasema marehemu mumewe alikuwa nazo hizohizo na hakumruhusu kushika mkate. Mimi amenipa mkate.

Jumamosi, 15 Novemba

Upande wa kwanza umekatika. Saa tisa na dakika ishirini alasiri. Sidonie alikuwa zamu, alishtuka wembe ulipopita hewani, akatulia, akanipa nafasi niingize kidole kwenye upenyo nihakikishe. Umekatika kweli. Umebaki upande mmoja na wiki mbili.

Jumapili, 16 Novemba

Simu ya leo imeniondoa usingizi. Evans ameacha kazi ya duka. Amemwambia tajiri wake kwamba kuanzia Januari atakuwa na teksi yake, anaingia barabara ya Moshi. Mama mkwe alisema kwa furaha, akamsifu Protas mpaka kadi ikakata.

Protas aliweka simu chini asigeuke. Nikamwuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mtu ameacha kazi kwa ajili ya gari ambalo si lako. Utamwambia nini?"

Alikaa. Kisha akatamka jambo ambalo katika miaka kumi na mitatu ya ndoa sijalisikia. Akasema wenzake wote walioondoka naye wana nyumba nyumbani, au shamba, au mdogo waliyemsomesha. Yeye hana. "Nina gari tu, Mama Nancy. Kila nikipiga simu mama anauliza gari halijambo, na mimi nasema halijambo, na kwa dakika hiyo mimi ni mtu. Wewe ndiye ulinipa. Ulipoandika ile barua sikukuomba, lakini nilifurahi. Sasa unataka kuninyang'anya."

Nilimhurumia, na naandika hivyo kwa haki. Nilikuwa nimemwona siku zote hizi kama mtu mwenye kiburi, kumbe kiburi chenyewe kiliazimwa kwangu. Lakini huruma yangu ilifika mlangoni ikakutana na wale wazee sita na kile chumba kisicho na dirisha, ikarudi. Nikamwambia, "Mwambie mama yako ukweli, mimi nitakaa pembeni yako."

Akasema hawezi.

"Basi mimi naendelea kukata."

Jumanne, 18 Novemba

Mvua ya mawe. Upande wa pili ni mgumu zaidi, nakata nikiangalia juu na vumbi la chuma linaniingia machoni. Nimevaa miwani ya kuogelea ya Nancy.

Alhamisi, 20 Novemba

Nusu.

Jumamosi, 22 Novemba

Nilikuwa sokoni na Sidonie kununua ndizi na wembe mwingine. Tuliporudi tukakuta lori la kubebea magari limesimama uani kwetu, limeteremsha ubao wake, na mbele ya gari langu wamesimama wanaume wawili. Mmoja alikuwa Matar, mwenye kontena, Mzanzibari mstaarabu ninayemjua kwa shughuli za watu wetu. Wa pili alikuwa mume wangu, na koti lake la kamati.

"Mama Nancy," Protas alianza, "ni wiki moja tu mapema. Mambo ya bandari."

"Ulisema likipita lisiende."

"Halitapita. Tazama lilivyo."

Nikalitazama. Lilikuwa juu ya stendi mbili, limekosa gurudumu la mbele, shokapu moja haipo, na mkono wake unaning'inia kwa nusu bolti. Matar alikuwa anakuna kidevu. "Mama, mie sina ugomvi na mtu," alisema. "Mie mpakizi tu. Lakini bwana Protas, hili nitalivutaje? Halina mguu. Lile gurudumu liko wapi?"

Gurudumu lilikuwa chini ya kitanda changu, upande wangu, tangu tarehe kumi na nane Oktoba. Siku ile nililiingiza ndani lisiibwe. Sikuwaza mbali kuliko hapo. Leo ndipo nilipoona kwamba ubovu ule niliokuwa naulilia ndio ulionilindia gari. Lingekuwa zima lingekuwa limeshapanda lori wakati mimi nachagua ndizi.

"Nalijua liliko," nikasema. "Silileti."

Sidonie aliweka mifuko chini, akaenda kukaa juu ya boneti. Mtu wa kilo tisini. Akakunja mikono.

Protas akasema kwa sauti ya chini, kwa Kichaga ili Matar asielewe, kwamba namwaibisha. Nikamjibu kwa Kiswahili ili Matar aelewe. "Bwana Matar, wewe ukipakia gari unahitaji nini kwa mwenye gari?"

"Kadi yake, mama, na sahihi yake. Forodha hawana masihara."

Kadi ya gari ilikuwa kwenye pochi yangu, natembea nayo tangu ile jioni ya kicheko. Nikampa. Akaisogeza mbali na macho, akasoma jina, akasoma tena, akamtazama Protas. "Hapa pameandikwa Generosa. Mie uliniambia gari lako."

"Ni la nyumbani," Protas akasema.

"Nyumbani kwa nani, bwana?"

Matar alinirudishia kadi kwa mikono miwili. Akamwambia Protas kwamba nafasi ipo mpaka Jumamosi ijayo asubuhi, ila bila sahihi ya bibi huyu hapakii hata kioo cha pembeni. Kwangu akasema, "Mama, kila la kheri na hiyo kazi," akapandisha ubao wa lori na kuondoka.

Tukabaki watatu uani, na madirisha yote ya jengo yakiwa na watu.

"Umeniaibisha mbele ya Matar," alisema Protas.

"Nimekutukuza miaka mitano mbele ya mama yako. Leo nimekushusha mara moja tu, na mbele ya mtu mmoja tu."

"Watatu," alisema Sidonie kutoka kwenye boneti. "Mimi iko, na ule mzee wa dirisha."

Protas alipanda ngazi. Mimi nikavua koti zuri, nikavaa lile la kutu, nikaingia chini. Nilikata mpaka nikawa sioni wembe.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda misa. Mungu anajua nilipo, niko chini ya gari.

Saa sita kasoro mkono ulianguka. Ulianguka wenyewe, kwa uzito wake, karibu unipate bega. Niliushika nikatoka nao nje kifuani, mzito, mweusi, na kipande cha bolti kimo ndani yake bado kimeng'ang'ania bushi. Hata sasa hakitoki. Sidonie akaniuliza tukitupe. Nikamwambia kiendelee kukaa pale pale, hakinihusu tena.

Protas alitoka na chai vikombe viwili, akaviweka juu ya boneti, akarudi ndani. Sijui ilikuwa chai ya nini. Tulikunywa.

Jumatano, 26 Novemba

Balwinder alisema kweli, kurudisha ni rahisi. Mkono mpya umeingia jana, shokapu leo. Amenionya jambo moja: bolti za bushi zisikazwe gari likiwa hewani, mpira utakaa umejipinda na utachanika tena. Lishushwe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Gurudumu likatoka chini ya kitanda. Tukalishusha. Nikakaza nikiwa nimelala ubavu kwenye maji ya barafu, spana ya Balwinder mkononi, na kila bolti ilikaza mpaka mwisho wake bila kunichezea.

Ofisi ya nyumba wamejibu. Wanasikitika kuhusu lifti.

Ijumaa, 28 Novemba

Limepita.

Mkaguzi ni yuleyule. Alilitikisa gurudumu juu, chini, pembeni, akaingia na tochi, akakaa huko. Akatoka akaniuliza nani amefanya kazi hii. Nikamwonyesha mikono. Akasema ile bolti ya nyuma kwa kawaida wao huikata kwa moto. Nikamwambia sisi tulikuwa na wembe.

Nimempigia msimamizi nikiwa barabarani mbele ya gereji. Jumatatu naanza na wazee sita.

Jumamosi, 29 Novemba

Kontena linapakiwa leo. Protas hakutoka. Alikaa na gazeti asiligeuze ukurasa, na mimi nikakwangua kadi mpya ya simu. Nilimwambia, "Ukitaka kusema wewe, simu hii hapa." Akatikisa kichwa. Nikapiga mwenyewe, nikaiweka kwenye spika, asije akasema nimesema yasiyokuwapo.

Nilimsalimia mama mkwe shikamoo, nikamwuliza hali, kisha nikasema bila kuzunguka. "Mama, gari haliji. Ni langu. Nililinunua mimi mwaka tisini na nane. Protas hakulinunua. Mimi ndiye niliyeandika barua ya uongo nikasema amenunua yeye, na kosa hilo naliombea msamaha. Lakini gari siliombei msamaha. Liliharibika, nimelitengeneza kwa mikono yangu, na ndilo linalonipeleka kazini."

Nikasikia kuku huko Rombo. Nikajiandaa kwa laana, na nilikuwa na majibu matatu tayari.

"Miaka mitano?" aliuliza.

"Miaka mitano, Mama."

"Na mimi kila jioni namwombea Protas gari lisimwangushe." Sauti yake ilikuwa imeshuka, sijawahi kuisikia chini vile. "Kumbe wewe ndiye ulikuwa barabarani, na hukuombewa hata siku moja."

Yale majibu matatu yote yalinitoka, na machozi nayo. Nikasema, "Lakini nimefika, Mama. Kila siku nimefika."

"Umesema umelitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, na jirani yangu."

Akakohoa. Akasema Evans ni mtu mzima, atarudi kwa tajiri wake akapige magoti, na lile banda litaingia ng'ombe. Kisha akasema, "Nipe mwanangu. Na hicho kinachofanya sauti yako inasikika chumba kizima, kizime."

Nikazima spika, nikampa Protas. Alisikiliza amesimama. "Ndiyo, Mama," alisema. "Ndiyo, Mama." Akageukia dirisha. Halafu akasema, "Hapana, Mama," taratibu, akaweka simu.

"Amekuuliza nini?"

"Ameniuliza kama nilishika hata spana moja."

Nilimtazama. Alikuwa amejibu ukweli, na bado alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili. Nilitaka kumwambia neno zuri na sikulipata. Nikamwambia Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri vioo vya gari langu vitakuwa na barafu, ashuke kabla yangu aikwangue, kwa sababu mimi nina wazee sita.